Kovu la bibi yake bibi

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nimerudi Ujiji likizo na kichwa kimejaa falsafa. Bibi alikuwa uani akikaanga migebuka kwa mawese. Babu na mzee jirani walikaa mkekani wakizungumzia miembe mikongwe ya njia ya misafara, ile iliyopitisha watumwa kwenda Tabora hadi Bagamoyo.

"Enzi zile haikuwa dhambi," mzee alisema. "Watu walikuwa hawajui."

Nikaona hapo ndipo pangu. Nikaanza, tena kwa mbwembwe: wapo wasemao maadili ni ya kila jamii na wakati wake, kwa hao, mzee kapatia. Ayer, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika mwaka 1936, angesema kuliita jambo "baya" si kutoa habari yoyote, ni kama kutema mate tu: wewe unatema, mwenzio hatemi. Mackie, mwanafalsafa mwingine, mwaka 1977, akasema sote tunakosea tunapoliita jambo baya, maana huo ubaya haumo duniani kabisa, na kutoafikiana kwetu ni dalili mojawapo. Halafu kuna wanaoshikilia kwamba utumwa ulikuwa mbaya hata pale wakubwa walipouona halali, kama vile kipindupindu kilivyoua watu kabla vijidudu vyake havijajulikana.

Babu akanigeukia, akacheka. "Mke wangu, nauli yote ile umekwenda kusomea kutema mate?"

Bibi akaja na mwiko mkononi. Yeye ni Mmanyema, watu wenye asili ya ng'ambo ya ziwa, Kongo. Bibi yake alivushwa Ziwa Tanganyika akiwa kigori, mtumwa, na habari hiyo kwetu ilisemwa kwa kunong'ona, kwani Ujiji ukiitwa mjukuu wa mtumwa umetukanwa. (Hata hilo tusi nalo ni maadili ya mtu.)

"Hao watu waliokuwa hawajui ni kina nani?" akamuuliza mzee. "Bibi yangu alikuwa anajua. Kovu la kamba lilikuwa hapa." Akajigusa shingoni, chini ya sikio, akaacha alama ya mawese.

Mzee akawa anachomoa ukindu wa mkeka. Babu naye kimya.

Mimi nikakumbuka mtihani wa wiki mbili nyuma. Niliandika, "Jamii ya wakati ule iliukubali utumwa," nikapigia mstari kabisa. Katika jamii hiyo nilikuwa nimewahesabu wenye kushika kamba peke yao.

"Sahani," bibi akasema. "Samaki wanaungua."