Nilivyoirudishia nyumba ya babu milango yake

Nyumba aliyotuachia babu iko kijijini upande wa Busisi, na kwa miaka mingi ililaza wasafiri waliochelewa kivuko cha kwenda Kigongo. Nilianza kuikarabati Daraja la J.P. Magufuli, linalounganisha Busisi na Kigongo juu ya Ziwa Victoria, likiwa bado linajengwa, kwa kuwa nilijua kwamba siku litakapofunguliwa hakuna atakayehitaji tena kulala kwetu. Likafunguliwa kweli mwezi Juni 2025.

Msingi wake ni wa mawe ya itale, na kuta ni za matofali mabichi, nene kiasi kwamba mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi. Kuta hizo zilikuwa zimeanza kumomonyoka chini. Fundi mmoja niliyemwamini aliniambia, "Kaka, piga lipu ya simenti, ukuta huu hautakusumbua tena." Nilitumia laki nane na zaidi. Masika ya kwanza lipu ilivimba kama andazi, na masika yakiisha ilidondoka kwa mapande makubwa, kila pande likiwa limeng'oka na udongo wa ukuta mgongoni mwake. Mpaka leo ushauri ule unaniuma, maana ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Ukiuziba kwa simenti, maji hubaki ndani na kuyalainisha matofali taratibu bila wewe kuona. Anayekushauri hivyo hajawahi kubomoa lipu ya namna hiyo.

Hata hivyo, kubomoa mabaki ya lipu ile ndiko kulikonifundisha nyumba yenyewe. Usiku mmoja, umeme ukiwa umekatika, niliegemeza tochi ukutani, mwanga ukatambaa ubavuni mwa ukuta badala ya kuupiga usoni. Palepale vikajitokeza vivuli vilivyonyooka ambavyo mchana sikuwahi kuviona: miimo miwili ya mlango na linta, yaani boriti ya juu ya mlango. Nilizunguka baraza lote na tochi hiyo mpaka karibu alfajiri, nikahesabu milango sita iliyozibwa. Ndipo nikaelewa mpango wa babu. Kila chumba cha mgeni kilifunguka barazani, upande wa ziwa, wala si kwenye ukumbi wa familia, ili anayewahi kivuko cha asubuhi aondoke bila kupita mbele ya watu waliolala. Sisi wajukuu tulikuwa tukiiona kama nyumba ya kawaida yenye vyumba vingi tu. Kama una nyumba ya zamani, mulika kuta zake kwa tochi kutoka ubavuni namna hiyo kabla hujapaka chochote.

Lipu mpya niliipiga kwa chokaa na mchanga, kipimo kimoja kwa vitatu, chokaa ikiwa imelowekwa kwenye pipa kwa majuma kadhaa. Niliifunika kwa magunia mabichi siku nyingi, kwa sababu chokaa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikaushwa haraka na jua huwa unga.

Tulipozibua mlango wa kwanza tulikuta kizingiti cha jiwe, kimelika katikati kwa nyayo za wageni. Nimekiacha kama kilivyo. Milango minne sasa inafunguka. Miwili iliyobaki inasubiri kiangazi, kwani chokaa mbichi ikinyeshewa husombwa yote.