Upande wa kushoto wa redio yako

Mie nimekulia Mtambwe, Pemba, kwenye nyumba ambayo umeme ulifika nikiwa karibu namaliza skuli, kwa hiyo mpira nimeujua kwa masikio kabla sijaujua kwa macho. Miaka mingi nikidhani haya mapenzi yangu ya kusikiliza mechi kwenye redio ni mazoea tu ya mtoto wa shamba, kwamba ningezaliwa mjini Unguja, ambako televisheni ya rangi ipo tokea miaka ya 1970, nisingekuwa na habari na redio. Sasa nimebadilika mawazo na kilonibadilisha ni mchezo ambao sijawahi kuuona ukichezwa mbele yangu hata siku moja, besiboli ya Wamarekani.

Lakini nianze na Bibi, maana bila yeye hii stori haiendi.

Msimu wa karafuu kwetu usiku hakuna kulala mapema. Karafuu zikishachumwa hazingoji mtu, zikilala vile vile kwenye rundo zinapata moto na rangi inaharibika, basi usiku ule ule nyumba nzima inakaa juu ya jamvi, chemli katikati, kila mtu na fungu lake. Unachukua kishada unakikandamiza kiganjani unakisokota kidogo, karafuu zinadondoka mbele yako na makonyo unayatupa pembeni, na vidole vinakuwa vyeusi vinanukia mpaka kesho yake ukila wali unahisi unakula karafuu. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio ndo yako huru. Na pale juu ya kinu kilopinduliwa ipo redio ya Ami, ya betri nne kubwa, betri zenyewe mchana kutwa zimeanikwa juani juu ya bati angalau zipate nguvu ya kufika dakika ya 90.

Wale watangazaji wa Redio Tanzania enzi zile walikuwa na kawaida moja ambayo kila mtu wa umri wangu anaikumbuka. Mechi ikianza tu mtangazaji anakupangia uwanja ndani ya nyumba yako: timu hii inashambulia goli la upande wa kushoto wa redio yako, ile nyengine goli la kulia. Bibi akishasikia hivyo anainuka, anaiweka redio sawa imuangalie yeye uso kwa uso, na kuanzia hapo ole wake atakaeisogeza. Mpira ukienda kushoto Bibi anatazama kushoto kwa redio. Si utani, nimemuona kwa macho yangu, shingo inageuka kabisa. Bibi hajawahi kuingia Gombani wala uwanja mwengine wowote duniani lakini alikuwa anajua winga gani mvivu kurudi nyuma na beki gani akibanwa anabutua tu.

Usiku Simba walipowatoa Zamalek kule Cairo kwa penati, 2003, nlikuwa nimekaa ubavuni mwake. Alishika kishada kimoja mkononi tokea penati ya mwanzo, na mpaka zinamalizika kishada kile kile kipo mkononi hajakichambua, kimelowa jasho. Sijapata kuona mtu anaetazama televisheni akawa vile.

Nilipokwenda Unguja kusoma wenzangu walinishangaa, we mtu gani unatembea na redio. Halafu ikaja ile Disemba 2009, umeme ukakatika kisiwa kizima, miezi mitatu kiza, mpaka Machi 2010, na katikati yake Januari ikaangukia Kombe la Afrika la Angola. Wale wale walonicheka ndo walokuwa wanakuja chumbani kwangu. Fainali Misri na Ghana tulikuwa watu kumi na moja chumba kimoja, giza totoro, hakuna anaemuona mwenzie, na Gedo alipofunga lile bao moja la Misri yule mtangazaji alipandisha sauti pole pole pole mpaka tukajua linaingia kabla halijaingia.

Sasa besiboli. Mwaka 2019 nlikuwa nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi, zamu ya usiku. Kuna mgeni mmoja, mzee wa Kimarekani kutoka Los Angeles, alikuwa kila siku alfajiri anatoka chumbani na simu yake anakaa barazani pembeni ya pwani, anaiweka juu ya meza, na simu inaongea. Si muziki, si taarifa ya habari. Sauti ya mwanaume mmoja inaongea taratibu kabisa, na nyuma yake kelele za watu wengi kama bahari ya mbali. Siku ya tatu nikampelekea chai nikauliza, akanambia ni timu yake ya Dodgers inacheza nyumbani. Kwao ni saa moja usiku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri. Nikamuuliza, kwani simu yako haioneshi picha? Akasema inaonesha, na hoteli yenu ina intaneti nzuri tu, lakini besiboli mie nasikiliza. Nikavuta kiti nikakaa.

Kwa asojua, ule mchezo uko hivi kwa ufupi: mmoja anarusha mpira, mmoja kashika gongo anajaribu kuupiga, akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne arudi alipoanza. Zamu 9 kila timu. Baina ya mrusho mmoja na mwengine hakuna kinachotokea, mrushaji anatazama, anafikiri, anajipangusa jasho. Kwenye televisheni muda ule ndo unaoua watu, ndo unaowafanya wageni waseme mchezo huu unachosha. Kwenye redio muda ule ndo mchezo wenyewe! Maana yule mtangazaji hana ruhusa ya kuacha kimya kirefu kisokuwa na sababu, basi anakwambia upepo unavuma upande gani, jua limezama wapi, mrushaji anatokea kijiji gani na baba yake alikuwa anafanya kazi gani, anakatisha stori katikati, mpira umerushwa, umekwenda nje, anaendelea na stori pale pale alipoiachia. Tokea 2023 wameweka saa, mrushaji ana sekunde 15 tu kama hakuna mtu aliyesimama kituoni. Michezo imekuwa mifupi na wengi wamefurahi lakini mie kama msikilizaji nilihuzunika kidogo, stori nyingi sasa zinakatwa.

Yule mzee alinisimulia habari za Vin Scully, na mie baada ya hapo nimetafuta kila rikodi ya sauti yake nnayoweza kuipata. Huyu bwana aliitangazia timu ile ile moja tokea 1950 mpaka 2016, misimu 67, akaanza nayo Brooklyn akahama nayo kwenda Los Angeles 1958. Walipofika kule walikuwa hawana uwanja wao, miaka minne wakacheza kwenye uwanja mkubwa wa Coliseum uliojengwa kwa michezo mengine, watu zaidi ya elfu tisini wanaingia, na walokaa mwisho kule wanaona wachezaji kama sisimizi. Basi watu wakawa wanakuja uwanjani na redio ndogo za transista. Mzee anasema yeye mtoto mdogo, kaka yake kamshika mkono, hakuwa anaona kitu ila alikuwa anasikia sauti ya Scully inatoka kulia, kushoto, mbele, nyuma, uwanja mzima unazungumza kwa sauti moja. Hebu fikiri. Watu wamelipa kiingilio, mchezo uko mbele ya macho yao, na bado wanataka mtu awasimulie.

Rikodi nnayoirudia zaidi ni ya tarehe 9 Septemba 1965, Sandy Koufax wa Dodgers anarusha, zamu ya mwisho, na hakuna mpinzani hata mmoja alofanikiwa kufika kituo cha kwanza usiku mzima. Scully anafanya kitu chepesi sana, anataja saa. Anakwambia sasa hivi ni saa fulani na dakika fulani, baada ya muda anaitaja tena, kama vile anajua ipo siku mtu asiyekuwepo ataisikiliza na atataka kujua muda wenyewe. Jambo linakamilika saa 9:46 kwa saa zao, kwetu tungesema saa tatu na dakika arobaini na sita usiku. Mie nasikiliza Nungwi miaka zaidi ya hamsini baadae na vinyweleo vinasimama, na matokeo nayajua!

Na kuna ile ya Aprili 1974, Atlanta, Hank Aaron anapiga mkwaju wake wa 715 wa kuvusha mpira ukuta wa uwanja, wenyewe wanaita home run, anaivunja rikodi ya Babe Ruth. Scully anasema mpira umekwenda, halafu ananyamaza. Ananyamaza kabisa, anawaachia watu washangilie, redioni unasikia uwanja tu. Kujua wakati gani wa kunyamaza wakati kazi yako ni kuongea, huo ni ustadi ambao siuoni kwenye televisheni, maana kule wapo watatu na kila mmoja anataka asikike. Halafu mtangazaji wa TV anajua unaona, basi hakuhudumii, anapiga soga na mwenzie kuhusu mambo mengine kabisa na wewe unatazama peke yako. Wa redio anajua huoni. Akinyamaza bila hesabu umepotea, akikosea jina umekosea nae, akidanganya umedanganyika. Amebeba dhamana.

Na kudanganya kupo kweli. Matangazo ya mwanzo ya besiboli redioni yalikuwa Agosti 1921, kituo cha KDKA cha Pittsburgh, ila baadae vituo vingi havikuwa na pesa za kumpeleka mtu uwanjani, wakawa wanapokea matukio kwa telegrafu na mtangazaji anayasimulia studioni kama vile yuko pale. Ronald Reagan, huyu huyu alokuja kuwa rais wa Marekani, ndo ilikuwa kazi yake jimbo la Iowa miaka ya 1930. Mwenyewe alikuwa anasimulia kwamba siku moja laini ilikatika katikati ya mchezo, akaona aibu kusema, basi akamfanya mpigaji apige mipira ya nje, ile isomaliza zamu ya mpigaji, mmoja baada ya mwengine, mwengine tena, mpaka telegrafu ikarudi. Wengine watasema ule ni uongo tu. Mie namuona mtu alokuwa anaogopa kumwachia msikilizaji wake mkono gizani.

Jambo la mwisho na hili ni la kwetu. Disemba 2017, fainali ya Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Machakos, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, na Kenya. Tulikuwa maskani tunatazama kwenye king'amuzi, watu wamejaa mpaka barabarani. Nyuma kabisa kuna mzee mmoja ana redio sikioni. Sasa king'amuzi picha inachelewa sekunde kadhaa na redio haichelewi, basi Heroes wakisawazisha yule mzee anaruka peke yake, sisi tunageuka tunamtazama, halafu ndo tunaona bao. Zikafika penati baada ya 2-2. Vijana wakataka kumfukuza, mzee usituharibie. Mie nikainuka mbele nikaenda nikakaa nae, akanipa upande mmoja wa redio kwa sikio langu, tukawa tunasikia kabla ya wote. Tulipotolewa sisi wawili tulijua mwanzo, na tulikaa kimya, hatukuwaambia, tukawaachia zile sekunde zao.

Siku hizi nalipia ile huduma ya sauti tu kwenye app ya MLB, ligi ya besiboli ya Wamarekani, bei yake ndogo kuliko ya video. Timu moja inacheza michezo 162 kwa msimu, karibu kila siku kwa miezi sita, kwa hiyo ile sauti unaizoea kama sauti ya mtu wa nyumbani, akipata mafua unajua.

Msimu wa karafuu ulopita nilikwenda Mtambwe. Umeme upo saivi, na TV ipo ndani, lakini karafuu bado zinachambuliwa kwa mkono na Bibi bado anakaa jamvini ingawa macho hayaoni vizuri tena. Usingizi hauji alfajiri, kaamka, kakaa na fungu lake dogo, nami nikafungua simu nikaiweka juu ya kinu. Akasikiliza muda mrefu vidole vinakwenda. Akauliza huyu anasema nini, nikawa namfasiria: mrushaji anatazama, kuna upepo kidogo, mpigaji huyu jana hakupiga hata moja, mkewe kajifungua juzi. Akaitikia, "Mtoto wa kike au wa kiume?" Nikamwambia hajasema, tusubiri.

Halafu akanyoosha mkono, akaipapasa simu, akaigeuza imuangalie. "Huyo mrushaji yuko upande gani?"

Nikamwambia yuko katikati, Bibi. Akaisogeza kidogo mpaka ikakaa katikati ya kinu, akachukua kishada chengine.