Katiba ya chama chetu na namba zilizonikosesha usingizi

Mtu akikwambia upange orodha kwa kubonyeza spesi mpaka mistari ikae sawa, usimsikilize. Mimi nilimsikiliza kijana mmoja wa saiba, duka la kompyuta na kuprinti, huku Umoja, Nairobi, na gharama yake ikawa ya chama kizima.

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama 24. Tulitaka kujisajili, na Sheria ya Kenya ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba. Kila aliyepewa sehemu alinitumia vifungu vyake kwa WhatsApp. Nikavinakili, nikavibandika kwenye Word, nikabonyeza kitufe cha namba. Ikatokea namba moja tu, kwenye mstari wa kwanza. Vifungu saba vilivyofuata vikabaki hivi hivi.

"Mathe, andika namba kwa mkono," kijana akaniambia. "Mstari ukiisha piga Enta, halafu spesi, spesi, itakaa tu."

Nikakesha nikipiga Enta na spesi sita, mstari baada ya mstari, kurasa sita. Kwenye laptopu yangu ilipendeza kweli. Kesho yake nikaenda kuprinti mjini, saiba nyingine, nakala 24, karibu shilingi elfu moja mia tano. Kompyuta yao haikuwa na fonti yangu, kwa hiyo Word ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Mistari ikashindwa kuenea. Neno la mwisho la kila mstari likaangukia chini peke yake: "Mwanachama atakayechelewa kuleta mchango", chini yake "wake", kisha pengo la spesi sita, ndipo "atatozwa faini". Ukurasa mzima hivyo. Na kwa kuwa tulikuwa tumeongeza kifungu kimoja dakika za mwisho, namba zangu za mkono ziligongana.

Mkutanoni, mweka hazina wetu, ambaye sote tunamwita Shosho, akavaa miwani na kuuliza, "Katibu, kifungu cha 14 ni hiki cha faini ama hiki cha mkopo?" Vilikuwa viwili. Siku hiyo hakuna aliyetozwa faini, na waliochelewa walikuwa watatu. Pesa ya watu haichezewi hivyo. Niliumia.

Mwingine akanishauri nifute nichape upya. Sikukubali. Nilirudi kwenye maandishi ya WhatsApp, nikayabandika upya, kisha nikabonyeza Ctrl, Shift na 8 kwa pamoja. Jaribu uone! Ukurasa hufichua kila kitu: kila spesi ni kidoti, kila Enta ni alama kama herufi P iliyogeuzwa. Mwisho wa mistari yangu hakukuwa na P hata moja, ila mshale mdogo uliopinda. Nikaelewa. Word huhesabu aya, na mshale ule huvunja mstari bila kumaliza aya. Vifungu vyangu vinane machoni pake vilikuwa aya moja, ndiyo maana vikapewa namba moja.

Dawa yake ilichukua chini ya dakika. Ctrl na H hufungua dirisha la kutafuta na kubadilisha. Juu nikaandika kofia na herufi l ndogo, ^l, chini nikaandika ^p, nikaamuru ibadilishe yote. Mishale yote ikageuka P. Nikachagua vifungu, nikabonyeza kitufe cha namba, zikapangika zenyewe, na mstari wa pili wa kila kifungu ukaingia ndani bila spesi hata moja. Sehemu ya pili ilipoanza tena na 1, nikabofya namba hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, nikachagua iendeleze hesabu. Mshale wenyewe si adui, lakini: ukitaka maelezo ndani ya kifungu kilekile yasipewe namba yao, piga Shift na Enta.

Nafasi kati ya vifungu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kila nikiongeza, hakibadiliki kitu. Kumbe kwenye mipangilio ya aya kuna kisanduku kinachozuia nafasi kati ya aya za mtindo mmoja, na kwenye orodha huwa kimeshawekwa tiki. Nikaitoa, nikaweka pointi 6 baada ya kila aya, vikapumua. Usiweke mistari mitupu.

Safari hii nilihifadhi kama PDF kabla ya kupeleka saiba, maana hiyo husafiri na fonti zake. Jihadhari tu na maneno kama "kwa mujibu wa kifungu cha 9" uliyochapa kwa mkono. Hayafuati namba zikibadilika, niliyapitia moja moja kwa kidole.

Mkutano uliofuata Shosho alifungua moja kwa moja kifungu cha 14, akakisoma kwa sauti, akanyoosha mkono apokee faini. Watatu wote wakalipa.