Unakaza skrubu tu, mkono unauma nini?

Binamu yangu kanitumia sauti ya WhatsApp, anacheka kabla hata ya salamu. Kasikia kwa shangazi kwamba siku hizi nalala nimefungwa kifaa cha kushika kifundo cha mkono, basi anauliza: "We si unakaza skrubu tu, mkono unauma nini? Makuli wa Kariakoo waseme nini?"

Sijamjibu, maana ningemtukana. Nawajibu hapa na wengine wenye swali kama lake.

Ni kweli sibebi lumbesa, na kuli kaumia kuliko mimi, tena hana mwajiri wa kumchangia WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Lakini kuli akitua gunia, ametua. Anavuta pumzi, anagombea bei ya safari nyingine. Mimi niko Ujerumani, kiwandani tunaunganisha pampu, na mkanda unaleta pampu mpya kila sekunde 50. Kila pampu ina skrubu sita zangu. Toa mapumziko, piga hesabu: zaidi ya skrubu 3,000 kwa shifti. Bisibisi ya upepo yenyewe haifiki kilo mbili, ndiyo maana mtu wa mbali anaona mchezo.

Hiyo bisibisi ni ya umbo la bastola, na skrubu zinaingia kwa juu. Jaribu hapo ulipokaa: shika kama bastola, elekeza mdomo wake mezani. Umeona kiwiko kilivyopanda na kifundo kilivyopinda? Ongeza mtetemo, na ule mshtuko skrubu ikifika mwisho. Meza nayo imepimwa kwa watu warefu, kwa hiyo bega langu liko juu kutwa. Neva inayopita kwenye kifundo inabanwa (wanaita carpal tunnel syndrome), halafu usiku ndiyo inadai. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, unaamka unakung'uta mkono gizani. Kidole cha mwisho kizima kabisa, na daktari alianza kuuliza hicho hicho, maana kina neva yake nyingine.

Kinachonikera zaidi ni bango. Mkanda umeongezwa kasi, na wiki hiyo hiyo ukutani wakabandika picha za mazoezi ya kunyoosha viungo, mtu wa kuchorwa anatabasamu kanyanyua mikono. Anyooshe nani, saa ngapi, na pampu inakuja? Maana yake ni kwamba mwili wangu ndio wenye kasoro, meza haina neno.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja Mturuki wa kituo cha jirani, mtu ambaye tangu nifike hatujazidisha salamu. Alinitazama shifti nzima, kesho yake akaja na kichanja cha mbao kutoka stoo, akakiweka chini ya miguu yangu, akarudi kazini kwake. Bega likashuka palepale. Baadaye akaniitia mtu wa Betriebsrat, baraza la wafanyakazi la kiwanda, akaja na futi, akapima meza, akaandika. Bisibisi iliyonyooka bado naisubiri.

Nyie mnaopanga kuja, hasa kupitia wakala wa vibarua, acheni huu uvumilivu wetu wa kujifunga kitambaa na kusema kesho litapita. Ganzi ikianza, nenda kwa daktari mapema, na umweleze unavyofanya kazi, usiishie kwenye "mkono unauma". Ugonjwa huu uko kwenye orodha ya magonjwa ya kazi ya hapa tangu 2015, na daktari akishuku umetokana na kazi, sheria inamlazimisha aripoti kwa Berufsgenossenschaft, bima ambayo wanaolipia ni waajiri. Ukinyamaza utaandikiwa dawa ya kutuliza maumivu na safari imeishia hapo. Mwajiri anakulipa mshahara kamili ukiumwa, lakini mwisho wiki sita, na lazima uwe umeshafanya kazi kwake wiki nne. Baada ya hapo bima ya afya inatoa kama asilimia 70, wakati mwenye nyumba anataka kodi yake yote, na nyumbani ada za watoto hazipunguzwi.

Kwenye mkanda wetu simu ni marufuku, hivyo picha za ushahidi sahau. Uwe na daftari: urefu wa meza, aina ya kifaa, vipande kwa saa, tarehe ganzi ilipoanza na tarehe kasi ilipoongezwa. Andika hata kwa Kiswahili, mkalimani atatafutwa.