Wanatucheka kwa makabila huku wamekalia zulia la Teke

Kwa sisi Waafrika Mashariki tulioko Istanbul, swali hili haliishi: "Kwenu bado mna makabila?" Huulizwa kwa kejeli, kana kwamba kuwa Mhehe au Mluhya ni jambo la kuona haya. Na kwenye maduka ya mazulia, anayeuliza mara nyingi amekalia rundo la mazulia mekundu ambayo yote kwake ni "Bukhara". Hilo linaudhi kuliko hata swali lenyewe.

Bukhara ni mji wa Uzbekistan ambako mazulia hayo yaliuzwa. Wafumaji ni Waturkmeni: Teke, Yomut, Ersari, Saryk, Chowdur, Salor. Kila kabila lina gul yake, nembo inayorudiwa safu kwa safu. Bendera ya Turkmenistan yenyewe imebeba gul tano upande wa mlingoti.

Tena Mahmud al-Kashgari, mwanazuoni wa Kituruki, katika karne ya 11 aliorodhesha matawi 22 ya Waoghuz, mababu wa Waturuki na Waturkmeni. Salor wamo. Wamo pia Kınık, waliotoa watawala wa Seljuk, na Kayı, ambao Waosmani walidai kuwa ndiyo asili yao. Anayetucheka anacheka ukoo wake.

Salor walikuwa na hadhi kubwa mpaka Waajemi walipouteka mji wao wa Sarakhs mwaka 1832 na kuwavunja nguvu. Baadaye gul yao ikaonekana kwenye mifuko iliyofumwa na Teke na Saryk. Kwa hiyo usihukumu kwa nembo peke yake. Likunje zulia kufuata safu, uchungulie shina la nyuzi. Fundo linalozunguka nyuzi zote mbili za mtande, yaani nyuzi za urefu wa zulia, ni la kawaida kwa Saryk, na kwa Yomut pia hukutwa sana. Linalozunguka uzi mmoja na kupita nyuma ya wa pili, angalia limefunguka upande gani: Teke kwa kawaida hufungukia kulia, Salor kushoto.

Kisha geuza upande wa nyuma, pima sentimita moja ya mraba. Ukihesabu mafundo 4 kwa upana na 6 kwa urefu, hayo ni 24, sawa na 2,400 kwa desimita ya mraba. Hiyo ni kazi safi. Mtande wa zulia la zamani la Kiturkmeni ni wa sufu. Ukikuta pindo jeupe la pamba, huenda ni "Bukhara" ya Lahore au Karachi, iliyoiga gul ya Teke. Ni zulia halali la mkono, ila usililipie bei ya Teke la karne ya 19. Nyuma pakiwa na kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, liache. Sugua pia kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: nyekundu ikitoka, rangi haikushika, na siku ya kufuliwa itaingia kwenye nyeupe yote.

Na ninyi wadogo zetu mnaoahidiwa kazi dukani huku: ikamet ni kibali cha kukaa tu. Kibali cha kazi ni kingine, na anayekiomba ni mwajiri. Asipokiomba, ukikamatwa unarudishwa wewe.

Kitu kinachostahili heshima kuliko vyote ni asmalyk ya Yomut, pambo la ubavuni mwa ngamia aliyembeba bibi harusi. Kwa kawaida lina pembe tano, na hufumwa mawili, la kulia na la kushoto. Baada ya harusi hutundikwa ndani ya hema. Jozi kamili siku hizi ni adimu, maana nyingi zilitenganishwa sokoni. Ukiletewa moja, ulizia la pili kabla hujataja bei. Na ukinunua zulia Ashgabat kwenyewe, pitia kwanza Makumbusho ya Zulia upate cheti. Bila hicho, forodha hawatakuruhusu kutoka nalo.