Kujenga Jina la Mwandishi Ukiwa Mtwara

Wachapishaji wengi wa vitabu nchini wako Dar es Salaam, kwa hiyo mwandishi chipukizi anayeishi Mtwara hujitambulisha kwanza kwa simu yake. Nami ni mmoja wao, na kadiri ninavyoendelea kuandika Facebook, Instagram na kwenye status za WhatsApp ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba msomaji hamfuati mtu kwa kuwa anajiita mwandishi, bali kwa kuwa kuna jambo analolijua na kulisimulia vizuri kuliko wengine.

Wenzangu wengi hupenda kuweka picha zao wakiwa wameshika kalamu, na chini yake maneno ya hekima ya watu mashuhuri. Hongera huwa nyingi, lakini wanaoulizia kitabu huwa hawapo. Mimi niliandika aya fupi kuhusu mama anayebangua korosho kwa mkono: anavyojipaka majivu vidoleni kabla ya kugonga ganda ili mafuta yake yasimchome, na weusi unavyong'ang'ania kwenye kucha hata baada ya kunawa. Watu wa Newala na Masasi wakaja kunisahihisha na kuongeza ya kwao, na baadhi yao ndio wanaoniuliza hadi leo hadithi nyingine itatoka lini.

Huku Kusini hatujapungukiwa na mambo ya kuandika. Mikindani ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Tendaguru, mkoani Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na mifupa hiyo, ambayo sasa iko Berlin, ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. (Huenda wajukuu wa wapagazi hao ni majirani zako, na sijui unangoja nini kwenda kuzungumza nao.) Mwandishi anayerudia eneo lake namna hii, kwa jina lilelile katika kila mtandao, hukumbukwa upesi kuliko yule anayeandika mapenzi leo na siasa kesho.

Kuna pia suala la simulizi za sehemu kwa sehemu, ambazo hukatishwa pale msomaji anapobaki na arosto, kisha mwendelezo ukauzwa kwa wanaotuma pesa kwa simu. Siudharau utaratibu huo, kwa sababu magazeti yetu yalikuza wasomaji kwa hadithi za namna hiyohiyo. Tatizo ni kwamba simulizi hunakiliwa na kusambazwa kwenye magrupu bila jina la mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapoandikwa, lakini siku ya mzozo atatakiwa kuthibitisha kuwa kazi ni yake, na kwa hilo kuisajili COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ni msaada mkubwa. Status nayo hufutika baada ya saa 24, hivyo kila unachoweka huko kihifadhi kwanza penye tarehe.

Mswada wenyewe mimi siuweki mtandaoni wote. Naonjesha sura mbili za mwanzo tu, kwa sababu wachapishaji na mashindano kama Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu wana masharti yao, na ni vyema kuyasoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma.