Spika ya Upande wa Kushoto

Juzi binti yangu, akiwa ameketi kwenye kiti cha abiria na miguu ameinyoosha mbele, aliniuliza kwa nini spika iliyo karibu na mguu wake wa kushoto haimtazami yeye. "Mama, hii inamwimbia dereva peke yake," alisema, na ni kweli: paneli ile imeinuliwa na kugeuzwa kulia, ikavuka gari zima hadi pale kinapokaa kichwa cha mwenye usukani. Nilimjibu kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya babu yake, naye akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa kuwa jibu hilo ni nusu tu ya habari, na nusu ya pili sijawahi kuisimulia.

Gari lenyewe mnalifahamu, ile Volkswagen Beetle ya mwaka 1971 ambayo Baba hakukubali kuiuza hata pale ilipokaa muda mrefu bila kuwaka. Ni ya volti 12, injini iko nyuma, na injini hiyo hupozwa kwa hewa. Haina koti la maji la kuzizima kelele zake kama zilivyo injini nyingi, na juu ya kelele hizo kuna feni inayovuma muda wote. Redio yake ilikuwa na spika moja ndani ya dashibodi, ya kikombe cha karatasi, iliyotosha kwa matangazo ya zama zake endapo gari lilikwenda taratibu na vioo vimefungwa. Kwa miaka mingi iliwatosha Baba na Mama. Kisha Baba akaanza kuzungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, karatasi ya spika ikaanza kukwaruza, na habari alizotusimulia jioni zikaanza kuja na kasoro ndogondogo. Mtangazaji alipozungumzia soka, yeye alisikia shoka. Palipotajwa kufika, alisikia kushika. Yeye alisema redio imezeeka. Sisi sote tulikubali kwamba redio imezeeka.

Nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba uzee huanza kuchukua sauti nyembamba, zile za juu, kabla haujagusa zile nene, na kwamba herufi kama s, f na sh hukaa huko juu. Mtu wa namna hiyo husikia kwamba kuna mtu anazungumza, na pengine husikia kwa nguvu kabisa, lakini kingo za maneno humpotea. Kumwongezea ukubwa wa sauti hakumsaidii sana. Kinachomsaidia ni kuzifikisha sauti za juu moja kwa moja masikioni, bila kupitia magotini, kwenye kapeti na kwenye kitambaa cha viti, ambako humezwa. Kwa hiyo nilipomwambia Baba kwamba nataka kumtengenezea gari paneli mpya za spika, nilijua tayari kwamba kazi yangu ingehusu zaidi pembe ya kuelekeza spika kuliko ukubwa wa sauti.

Milango tuliikataa mapema. Mjomba, ambaye ni seremala na ndiye aliyenipa karakana yake na nusu ya muda wake, alibandika donge la udongo laini nyuma ya sumaku ya spika, akaishika pale ilipotakiwa kukaa, akaniambia niteremshe kioo polepole. Kioo kilishuka hadi kikalikata lile donge. Zaidi ya hayo, ndani ya mlango wa gari hupita maji ya mvua yanayoteremka kando ya kioo na kutokea kwenye matundu ya chini, na karatasi ya spika haistahimili maji. Sababu kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba kuweka spika mlangoni kungelazimu kutoboa ubao wa asili wenye reksini, ule ambao Baba aliupangusa kwa kitambaa kila alipoosha gari. Mjomba hakutaka hata kulijadili. "Kitakachoingia humu," alisema, "kiweze kutoka bila kuacha kovu." Tukaamua kutumia kona mbili za mbele, pale miguuni kati ya bawaba za mlango na sakafu, ambapo Volkswagen iliweka kipande cha kadibodi tu cha kuficha bati. Pana nafasi finyu, kwani tundu la hewa ya moto halitakiwi kuzibwa, na upande wa kulia mguu wa dereva unahitaji uhuru kwenye pedeli ya mafuta. Hata hivyo mahali hapo pana sifa moja nzuri sana: kutoka kona ya kushoto na kutoka kona ya kulia, umbali wa kufika kichwani hutofautiana kwa kiasi kidogo kuliko spika zikiwa milangoni, ambako ile ya karibu humfunika msikilizaji na ile ya mbali hupotea.

Tulichora vielelezo kwa kadibodi, tukakata pete mbili za plaiwudi yenye unene wa milimita 18, kila moja ya kubeba spika ya inchi sita na nusu yenye twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, katikati yake. Ikabaki kupata pembe ya kuzielekeza.

Sauti nene haina haja ya kuelekezwa. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita tatu, na hulizunguka gari zima bila kujali spika inatazama wapi. Wimbi la hezi 4,000 lina urefu wa takriban sentimita tisa tu, nalo hutoka kwenye spika kama mwanga wa tochi, likimulika pale lilipoelekezwa na kufifia pembeni. Kwa sababu hiyo nilikata uzi mrefu, nikaufunga katikati ya msalaba wa vijiti uliokuwa juu ya pete ya kulia, nikamwomba Baba aje akae kwenye kiti chake.

Aliingia kama alivyoingia siku zote, akaweka mkono juu ya ukingo wa mlango, akakirudisha kiti nyuma kidogo, akashika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limezimwa na tairi moja la mbele limeegemezwa gogo. Nilikuwa nimepiga magoti nje ya mlango wake, kichwa changu karibu na pedeli, nikiishikilia pete. Mjomba alisimama nyuma yangu akiwa na penseli na kipimo cha pembe. Nilimpa Baba ncha ya uzi na kumwomba aishike pembeni ya sikio lake la kulia, lililo karibu na dirisha, ili nipate mstari ulionyooka.

Aliushika. Nikauvuta uzi ukakaza, nikaanza kuizungusha pete taratibu mpaka uso wake ukawa sawasawa na mstari. Mjomba alikuwa ameshainama kuweka alama. Ndipo uzi ukalegea. Niliinua macho nikidhani mkono umemchoka, nikamkuta Baba anautazama ule uzi kana kwamba anausoma. Hakuwa na haraka. Aliuhamisha kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaupitisha mbele ya kidevu chake, akauweka kwenye sikio la kushoto, lile linalotazama kiti cha Mama.

"Siyo lile, mwanangu," alisema. "Pima kwa hili."

Nilimwuliza kwa nini, na swali lilitoka kabla sijalifikiri. Hakunijibu mara moja. Aliuachia uzi, akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya sikio la kushoto, akaliziba kabisa, akaniangalia midomo. Nilielewa kwamba alikuwa akinisubiri niseme kitu. Nilisema, "Baba." Nikasema tena, kwa sauti ya kawaida, jina lake ambalo sisi watoto hatulitamki. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Mjomba, nyuma yangu, alikohoa, na hilo pia halikumfikia. Kisha aliondoa kiganja, akaushika uzi tena, akauweka kwenye sikio la kushoto na kungoja.

Hakuna aliyesema neno. Mjomba alisema tu, baada ya muda, "Basi, Shemeji, tuzunguke upande wa pili," tukazunguka. Nilipiga magoti upande wa abiria, nikaifunga pete ya kushoto kwenye uzi ule ule, na safari hii mstari ulipita juu ya fimbo ya gia, ukakwepa goti lake, ukafika moja kwa moja. Mkono wake haukutikisika. Nakumbuka vidole vyake vya gumba na shahada vimebana ncha ya uzi, ukucha ukiwa na doa la grisi ya asubuhi ile, na sikio lenyewe, ambalo nililiona kwa karibu pengine kwa mara ya kwanza tangu utoto, lenye nywele nyeupe na alama ya mkono wa miwani. Mjomba aliweka penseli kwenye kipimo, akasoma pembe, akaiandika juu ya plaiwudi.

Kazi iliyobaki niliifanya kwa haraka ya mtu asiyetaka kukaa kimya. Pete zilisimamishwa kwa vijiti kwenye pembe zake, kitambaa chepesi kikavutwa juu yake, kikapakwa resini ya polyester iliyochanganywa na dawa ya kuigandisha kwa asilimia moja hadi mbili. Ukizidisha, hupata moto na kupasuka. Ndani tuliweka tabaka za faibaglasi, nje tukapiga msasa, kisha tukavisha reksini nyeusi iliyokaribiana sana na ya milango. Plaiwudi yote ilipakwa vanishi, hasa ukingo wa tundu, kwa kuwa unyevu huanzia hapo. Nyuma ya kila paneli, pale inapokutana na bati, tulizungushia ukanda wa sponji ili wimbi linalotoka nyuma ya spika lisikutane na la mbele na kuliua. Mawimbi hayo mawili huenda kinyume, na yakikutana, besi hutoweka. Skrubu zilipita kwenye matundu yaliyokuwapo. Vipande vya zamani vya kadibodi tulivifunga kwa gazeti na kuvihifadhi.

Suala la sikio moja lilibadilisha pia nyaya. Mtu anayesikia kwa upande mmoja, akipewa muziki wa stirio, ambao hugawa sauti kati ya spika ya kushoto na ya kulia, huweza kuwapoteza baadhi ya wanamuziki. Kwa kuwa matokeo ya amplifaya, kile chombo cha kukuza sauti, hayaungwi pamoja moja kwa moja bila kuiharibu, tulichanganya kulia na kushoto mapema, kwenye ishara ndogo inayotoka kwenye redio, kupitia vizuizi viwili vya umeme, ili spika zote mbili zibebe kila kitu. Paneli ya kulia niliielekeza kwa Mama, kuvuka gari kwa upande mwingine, ili naye asinyimwe. Amplifaya iliwekwa chini ya kiti cha nyuma, jirani na betri, ambayo katika Beetle hukaa hapo hapo. Na mwenye gari la aina hii asisahau kamwe kifuniko cha betri, kwani chuma za kiti zikigusa vichwa vyake huweza kuleta moto. Kabla ya kufunga wavu, Mjomba alizijaribu spika kwa betri ndogo ya volti moja na nusu, tukatazama vikombe vyote viwili vikisukumwa nje kwa pamoja.

Siku tulipowasha, taarifa ya habari ilikuwa imeanza. Baba aliisikiliza hadi mwisho akiwa kwenye kiti chake, injini ikiunguruma, Mama akiwa kando yake. Mjomba aliinama dirishani na kumwuliza anaonaje. Baba alisema, "Inasikika," akaingiza gia, wakaondoka.

Hilo ndilo neno pekee alilowahi kunipa kuhusu zile paneli, na sikuomba la pili. Mama aliniambia baadaye kwamba jioni alikuwa akimsimulia habari bila kukosea, ila magazeti pia alikuwa akiyasoma, kwa hiyo sikujua nishukuru kipi. Kuhusu sikio la kulia hatukuzungumza tena, si yeye na mimi, wala Mama, ambaye nina shaka alilijua siku nyingi kwa sababu kwenye gari alikuwa upande uliosikia. Kuna nyakati nafikiri nilipaswa kumpeleka kwa daktari wa masikio kabla ya kumpeleka karakana. Kuna nyakati nafikiri asingekwenda, na kwamba ule uzi ulimwezesha kulisema jambo ambalo swali la daktari lisingemtoa.

Ushahidi niliokuwa nao ni kitufe cha sauti tu. Kila nilipoliazima gari nilikiangalia kabla ya kuwasha. Mara nyingi kilikuwa karibu na nusu, mahali ambapo hakijawahi kuwa katika miaka ile ya spika ya dashibodi, nami nilifurahi peke yangu. Lakini zilikuwapo siku nilizokikuta kimezungushwa hadi mwisho kabisa, na siku hizo niliendesha nikiwa na wasiwasi kwamba hata sikio la kushoto linamwacha. Huenda lilikuwa linamwacha. Huenda pia alikuwa ametoka barabara kuu, injini imekimbizwa na upepo unapiga kwenye vioo vidogo vya pembeni. Maana siku hizi, nikiliendesha gari hilo kwa mwendo huo, mimi mwenye masikio mazima hukizungusha hadi huko huko.